Kumsindikiza Mzee wa Kondoo

"Ilikuwa elfu mbili na kumi na saba," husema Mzee Godson Mlang'a kila anapoanza habari hii, na kabla hajakaa vizuri kwenye kiti hujikatiza mwenyewe. "La, la. Kumi na nane. Kumi na saba mvua ilinyesha kama kawaida yake. Kumi na nane ndio ule mwaka jua liliwaka London mpaka nyasi za bustani ya Lordship zikawa kahawia kama mkeka uliochakaa, na watu wa Tottenham wakawa wanakwenda dukani na chupa ya maji mkononi utadhani wanapanda mlima."

Basi ni kumi na nane. Ndio mwaka alioomba uraia.

Mzee Godson alizaliwa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na ujana wake aliumalizia mlimani akiwa mpagazi. Kazi yake ilikuwa mayai. Wenzake walibeba mahema na majiko, yeye alipewa trei za mayai za watalii kwa kuwa alikuwa na shingo isiyotikisika, na anajisifu hadi leo kwamba katika miaka saba alivunja mayai manne tu, mawili kati ya hayo kwa kosa la mtu mwingine. Baadaye akaja London, na huko akasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini miaka ishirini na mbili: wodini kwenda kwenye picha za eksirei, kwenye picha kwenda chumba cha upasuaji, na safari nyingine ambazo hazitaji. Alipostaafu, miguu haikustaafu naye. Asubuhi anamwambia binti yake, Aikande, kwamba anashuka kununua maziwa. Saa sita binti anapiga simu.

"Baba, uko wapi?"

"Niko Edgware Road. Nanunua maziwa."

Aikande alizaliwa London. Kiswahili anakisikia chote, lakini akikasirika hujibu kwa Kiingereza, na kwa mambo ya baba yake amejibu kwa Kiingereza sana.

Uraia alikuwa ameukwepa miaka mingi. Si kwamba hakuupenda, ila Tanzania hairuhusu mtu kuwa na uraia wa nchi mbili. Kuchukua wa huku ni kurudisha wa kule, na yeye alikuwa na kibali cha kuishi alichokiona kinamtosha. Lakini masika ya mwaka ule redio ikajaa habari za wazee waliofika Uingereza wakiwa watoto, wamefanya kazi maisha yao yote, halafu leo wanaulizwa karatasi wasizokuwa nazo. Aikande alisikiliza siku tatu. Siku ya nne akafungua kompyuta juu ya meza ya chakula akamwambia baba yake alete pasi zake zote, za sasa na zilizokufa.

Fomu ile ilitaka kila safari. Ulitoka lini nchini, ulikwenda wapi, ulirudi lini. Godson akawa anasoma mihuri kwa miwani, Aikande anaandika. Mazishi ya mama, wiki tatu. Harusi ya mpwa wake Himo, siku kumi na mbili. Mwisho kabisa kulikuwa na maneno ya kutia sahihi: kwamba yote ni kweli, na kwamba kama lolote litabadilika wakati anasubiri, atawajulisha. Aikande aliyapita maneno hayo kwa kufumba na kufumbua. Godson aliyasoma mara tatu, ndipo akatia sahihi.

Kuanzia hapo hakutulia. Anakaa ghorofa ya saba, na masanduku ya barua yako chini mlangoni. Anashuka saa nne kuangalia. Anashuka saa sita, huenda mleta barua amechelewa. Anashuka saa nane kwa sababu tu lifti imefika. Hakuna. Anatoka, anatembea mpaka soko la Seven Sisters, anarudi, anachungulia tena. Alikuwa ameshakubali moyoni kurudisha pasi ya kwao, na jambo hilo lilikuwa limemwacha kama mtu aliyeinua mguu mmoja kuvuka mfereji, hajaufikisha ng'ambo na hawezi kuurudisha. Kama wangemkatalia, asingejua aukanyagishe wapi.

Ndipo akapiga simu Gurdial.

Gurdial ni Kalasinga wa Tooting, kusini mwa London, lakini kabla ya Tooting ni wa Moshi mjini, ambako baba yake alikuwa na mashine ya kupasua mbao. Yeye na Godson walikutana London katika foleni ya kupima macho, wakaanza kubishana kuhusu duka la mikate la Moshi lilikuwa mtaa gani, na hawajamaliza.

"Mangi," akasema Gurdial, maana hajawahi kumwita kwa jina, humwita kwa cheo cha watemi wa Kichaga, "wewe utamaliza lami ya London peke yako. Njoo utembee kwenye majani. Chama chetu cha wazee kinakwenda Ireland. Siku sita, milima na mabonde, tunalala nyumba za wageni."

"Ireland ipi?"

"Ziko ngapi?"

"Ziko mbili, Kalasinga. Moja ni ya Malkia, naingia kama ninavyoingia Tooting. Nyingine, mtu wa pasi yangu anatakiwa viza. Na mimi sitaki muhuri hata mmoja mpya mpaka hawa watu wanijibu."

"Tunakwenda ya Malkia! Fermanagh! Muulize Pushpa."

Pushpa ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama, mwalimu wa hesabu mstaafu, mzaliwa wa Mombasa, mama mfupi mwenye ramani shingoni ndani ya mfuko wa plastiki. Alimweleza Godson ukweli wote. Njia yao ingepita kandokando ya mpaka, na mpaka wenyewe hauna ukuta wala askari, lakini yeye ameichora upya kwa ajili yake ili wabaki upande wa kaskazini toka siku ya kwanza hadi ya sita. "Hesabu hii nimeifanya mara mbili," akasema. "Wewe nifuate tu."

Akafuata. Wakapanda ndege hadi Belfast, wakapanda basi, na asubuhi ya pili wakaanza, wazee tisa na fimbo zao. Kulikuwa na gari la kuchukua mabegi kutoka nyumba moja ya wageni kuyapeleka nyingine, mtu atembee mikono mitupu. Godson alikataa kutoa lake.

"Bwana, tia begi kwenye gari," akasema Gurdial. "Hakuna mzungu wa kumbebea hapa."

"Nikitembea bila mzigo nayumba."

"Basi beba na langu."

Akalibeba, kilomita mbili, mpaka Gurdial mwenyewe akaona haya akalichukua.

Milima ya kule haina haraka. Inapanda taratibu kama ng'ombe anayeinuka, halafu inalala chali, juu hakuna mti, ni majani magumu na maua madogo ya zambarau, na chini kwenye mabonde kuna nyumba moja hapa, nyingine kule, na kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo. Watu husema kule mvua haikatiki, lakini mwaka ule hata Ireland ilikuwa imekauka. Vijito vilikuwa mistari ya mawe meupe. Wenzake walisimama kila baada ya hatua mia kupiga picha. Godson alikuwa anatazama chini.

"Bado tuko kwetu?" akamuuliza Pushpa kwenye uzio wa kwanza.

"Bado."

Kwenye daraja: "Na hapa?"

"Hapa pia."

Siku ya pili aliuliza mara kumi na moja. Gurdial alikuwa anahesabu kwa sauti. Siku ya tatu Pushpa akasimama katikati ya njia, akamnyooshea fimbo. "Godson, ukiniuliza tena nakuvusha mwenyewe kwa mikono yangu."

Tatizo lake lilikuwa kwamba mpaka wenyewe hakuuona. Kwao Kilema mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, hupandwa masale, mmea wa majani marefu, na hata mlevi akipita anajua kwamba hapa ni kwa fulani na pale ni kwa fulani. Hapa nchi mbili zilikuwa zimegusana, na hakuna aliyepanda hata jani.

Siku ya nne, karibu na saa sita mchana, waliona moshi mbele yao. Haukuwa moto wa kuruka. Udongo wa milima ile ni mweusi, wenyeji huukata vipande wakaukausha na kuutumia kama kuni, na kwa ukame ule ulikuwa umeshika, unaungua chini kwa chini. Walipokuwa wamesimama hawajui la kufanya, akatokea mzee mmoja na mbwa. Mzee hasa, karibu miaka themanini, koti limefungwa kiunoni kwa kamba ijapokuwa kulikuwa na joto. Akasema anaitwa Fintan, kwamba njia yao imefungwa, na wakimfuata atawazungusha.

Akawazungusha. Ilikuwa nusu saa nzima, juu ya mawe, chini kwenye bonde, na alikuwa anasimama kumngoja kila aliyechoka. Akawafikisha kwenye barabara ya changarawe, akamwonyesha Pushpa kwenye ramani mahali walipo, akagusa kofia yake, akageuka kurudi alikotoka.

Wenzake wakasema asante, wakakaa chini kufungua mikate. Godson akabaki amesimama, anamtazama yule mzee anavyopanda peke yake.

"Gurdial, shika begi langu."

"Unakwenda wapi?"

"Namsindikiza kidogo."

"Mangi! Huyu ndiye aliyetusindikiza sisi!"

"Ndiyo maana. Amekuja mpaka huku kwa ajili yetu, halafu arudi kama mtu aliyefukuzwa? Hatua mbili tatu, nageuka."

Hatua mbili tatu za Kilema anazijua aliyelelewa huko. Mgeni anaaga, mwenyeji anatoka naye hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi mferejini, mferejini wanakumbuka habari ambayo hawajasema ndani, na mara wako kwa mgeni. Basi mgeni naye hawezi kumwacha mwenzake arudi peke yake. Mama yake Godson alisindikizana hivyo na jirani yake hadi chakula kikaungua nyumba zote mbili.

Fintan hakushangaa hata kidogo alipomwona kando yake. Akapunguza mwendo, mbwa akaja kumnusa, wakaenda. Walizungumza kondoo. Fintan akamweleza rangi: wenye alama ya buluu mgongoni ni wake, wenye nyekundu ni wa shemeji yake ambaye hawasemeshani. Godson akamweleza mayai. Fintan alicheka mpaka akashika ukuta. "Manne tu?" "Manne." "Na hayo mawili, nani alikosea?" Wakazungumza wake zao, maana wote wawili walikuwa wamezika. Godson akasema wake alifia hospitali ileile aliyofanya kazi, na kwamba kitanda alikisukuma mwenyewe, wenzake walipotaka kumpokea aliwakatalia. Hilo alikuwa hajamwambia mtu. Fintan alimshika kiwiko wakaendelea kupanda.

Walipita uzio. Waliruka kijito kikavu, mawe meupe kama yale mengine yote. Na kwa mara ya kwanza tangu safari ianze, Godson hakutazama chini.

Kwa Fintan kulikuwa na mlango mwekundu na paa la bati. "Chai," akasema Fintan, na hakuuliza. Mtu aliyelelewa vizuri hakatai chai ya mzee mlangoni pake. Godson akaingia, akakaa, akapewa kikombe kikubwa, cha maziwa mengi kama cha kwao, na mkate wa magadi. Alikuwa amefika nusu ya kikombe macho yake yalipotua kwenye barua zilizokuwa mezani. Kama ni barua, miezi ile Godson asingeweza kuziacha bila kuziangalia, hata za mtu. Akaona stempu. Haikuwa na kichwa cha Malkia. Ya pili pia haikuwa nacho. Hakuna hata moja.

"Mzee Fintan," akasema polepole, "hapa ni wapi?"

"Hapa? Ni kwangu."

"Nchi gani?"

Fintan akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa jirani. "Aa! Mpaka ni kile kijito tulichoruka. Mwaka huu hakina maji."

Godson alisimama, kikombe kikayumba, chai ikamwagika juu ya barua za watu. Akazifuta kwa leso yake huku anaomba radhi, akajaribu kueleza kwa maneno yasiyofuatana: fomu, sahihi, muhuri, miezi minne. Fintan hakuelewa yote, lakini aliuona uso. Akachukua fimbo yake.

"Twende. Nitakusindikiza."

Wakashuka kwa njia ileile. Kwenye yale mawe meupe Godson alivuka mguu mmoja, akavuka wa pili, akageuka. Yule mzee alikuwa amesimama ng'ambo, hatua tatu tu, peke yake na mbwa wake, na njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda. Godson anasema hakuna jambo lililomwia gumu safari nzima kama kubaki pale. Alinyanyua mkono. Fintan akagusa kofia.

Aliwakuta wenzake wamesimama, Pushpa anawahesabu mara ya tano, ingawa walikuwa wanane na hawawezi kuwa tisa bila yeye.

"Saa moja na robo!" akafoka Pushpa. Kisha akamwona vizuri, akaacha.

Gurdial aliposikia habari alicheka. "Nani kakuona, Mangi? Kondoo? Watatoa ushahidi kwa lugha gani?"

"Niliona mwenyewe."

"Pushpa, mwambie huyu mtu."

Pushpa aliinamia ramani, akapima kwa ukucha. "Nyumba hiyo ni mita mia tatu kutoka kwenye mstari wa mpaka," akasema.

"Basi nilitoka."

"Sikusema hivyo." Akaikunja ramani. "Nimesema mita mia tatu."

Siku mbili zilizobaki alizitembea kama anafukuzwa. Walipita ziwa ambalo wenzake wanalizungumza hadi leo, yeye halikumbuki.

London, Aikande alimsikiliza mpaka mwisho akiwa na kitambaa cha vyombo mkononi, halafu akamjibu kwa Kiingereza. Alimwambia asiandike chochote. Alimwambia kwamba watu wale hawasomi moyo wa mtu, wanasoma visanduku. Kwamba akiwaandikia ameingia nchi nyingine bila viza, wataandika ameingia nchi nyingine bila viza. Kwamba miaka ishirini na mitatu ya kuishi huku haiwezi kutupwa kwa kikombe cha chai. Mwisho akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, "Baba, nakuomba."

Siku tatu Godson alitembea. Alikwenda hadi Tooting kwa miguu, akafika kwa Gurdial, akanywa maji, akarudi kwa miguu. Kila alikopita alijiuliza kama angeweza kukaa kimya, na kila mara aliona angeweza, na hilo ndilo lililomsumbua. Kwenye ile fomu alikuwa ameahidi kuwajulisha. Hakuahidi kuwajulisha kama atakuwa ameonekana.

Akaandika kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu. Akaeleza moshi, mzee, kijito kikavu, stempu. Akapeleka mwenyewe posta, akaomba risiti ya kuonyesha kwamba imetumwa, na nakala akaikunja akaitia mfuko wa ndani wa koti. Aikande hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu akamwekea chakula, akakaa pembeni yake, wakala.

Barua ilikuja Novemba. Alikuwa amekwisha kuizoea sana lifti hata akaifungua barua humohumo, milango inafunguka na kufungwa. Walikuwa wamemkubalia. Wakamwita kwenye sherehe, siku fulani, saa fulani, aje na kitambulisho. Kuhusu moshi, mzee na kijito, hapakuwa na neno hata moja. Aliigeuza karatasi nyuma. Nyuma ilikuwa nyeupe.

Siku ya sherehe Aikande alivaa gauni la kijani na kulia kabla mambo hayajaanza. Gurdial alikuja na kilemba kipya. Godson alinyanyua mkono, akaapa pamoja na watu arobaini, akaitwa jina likatamkwa vibaya, akapokea cheti kwa mama mmoja mwenye tabasamu. Akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akainama. "Samahani, mama. Niliandika barua mwezi wa saba. Kuna swali."

"Hongera sana," akasema yule mama, akamgeuza kwa bega atazame kamera. Jina la pili likaitwa.

"Si umepata?" Gurdial akamwambia nje, kwenye ngazi. "Unataka nini tena, Mangi?"

"Jibu."

"Hilo ndilo jibu! Liko mkononi!"

Godson akalitazama lile jalada la cheti mkononi. Aliandika tena Januari, na mara ya tatu baada ya kurudisha pasi yake ya Tanzania, ikakatwa pembe kuonyesha imekufa. Miaka imepita. Anatembea bado, Tottenham hadi Edgware Road, maziwa yasiyonunuliwa, na ukikaa naye atatoa ile nakala kwenye koti, imeshachanika mikunjoni, akusomee mstari wa mwisho kwa Kiswahili, maana anasema kwa Kiingereza haukukaa sawa:

"Waheshimiwa, mimi nilikuwa namrudisha mzee kwake. Naomba mniambie: siku ile nilitoka, au nilikuwa nasindikiza tu?"